Mfadhili wa kampeni na mshawishi wa bungeni: nani humvuta zaidi mbunge wa Uganda?

Mfadhili humfikia mgombea kabla hajaapishwa. Hapa Uganda kampeni hula fedha: mafuta ya gari, fulana, mawakala wa vituo, na rambirambi kwenye kila msiba wa jimbo. Wapo wanaouza mashamba, wapo wanaokopa. Mfanyabiashara aliyetoa lori na kitita haulizi lolote siku hiyo. Ataulizia zabuni ya barabara baadaye, kwa simu fupi. Deni la namna hii halina stakabadhi, ndiyo maana halilipiki likaisha. Mimi huyu ndiye ninayemwogopa zaidi.

Mshawishi huja muswada ukiwa tayari kwenye kamati. Ana takwimu, chakula cha hotelini, pengine na bahasha. Lakini hana budi kuleta hoja, na akileta hoja wengine wanaweza kumjibu. Kodi ya asilimia 1 kwenye miamala ya pesa za simu ilipoanza Julai 2018, wananchi na wanaharakati walipiga kelele mpaka ikashushwa kuwa asilimia 0.5, tena kwa kutoa pesa tu. Huo nao ulikuwa ushawishi, wa mchana kweupe.

Kuna lililonishinda kuliweka upande wowote. Mwaka 2017, mjadala wa kuondoa ukomo wa umri wa rais ukiendelea, wabunge walipewa shilingi milioni 29 kila mmoja za "kushauriana" na wapiga kura. Baadhi ya wapinzani walizirudisha.