Programu ya duka kwa Kiswahili: hesabu safi, tafsiri bado

Nimeitumia miezi mitatu hapa Mwanjelwa, nauza mchele wa Kyela na maharage, na kwa hesabu iko vizuri sana, haili bando na deni la mteja unaliona fasta. Shida Kiswahili chake jamani. Kitufe cha kuhifadhi mauzo wameandika "Okoa", dada anayenisaidia akaogopa kukibonyeza, mauzo ya siku nzima yakapotea! Halafu "mpya" wameibandika kila mahali, "wateja 3 mpya", "vitu 12 mpya", wakati ni wapya na vipya, yani inaonekana mtafsiri alipewa maneno matupu bila kuona skrini. Watengenezaji tafadhali, mtafsiri aitumie programu kwanza, na kila ngeli iandikiwe sentensi yake. Nyota 3, mkirekebisha naongeza.