Ununue nini kulinda Windows iliyomo ndani ya Mac: mwongozo kwa walioko Unguja na Pemba

Kama una haraka ya kwenda Darajani, jibu ni hili: nunua SSD ya nje ya TB 1 (diski ya kielektroniki) ya kuwekea nakala ya Windows hiyo. Pesa ikiruhusu, ongeza hadidiski ya nje ya TB 2 (ile ya zamani ya sahani zinazozunguka) ukaiweke nyumba nyingine. Programu ya kulipia huenda usiihitaji kabisa.

Namwandikia mhasibu wa hoteli anayefungua Tally, programu ya hesabu, ndani ya Parallels, programu inayoendesha Windows juu ya Mac, na mwalimu wa skuli ambaye programu yake ya kazi haikubali ila Windows. Wengi wao wanaitegemea Time Machine, programu ya Apple ya kuweka nakala za akiba. Lakini Time Machine haiigusi Windows iliyowekwa kwa Boot Camp, yaani kwenye sehemu yake ya pekee ya diski ya Mac (patisheni), na mashine pepe, yaani Windows inayofunguliwa ndani ya programu kama Parallels, ni faili kubwa mno ambalo watu hulitoa kwenye orodha ya Time Machine ili diski isijae. Siku Mac ikifa, picha zinarudi, hesabu hazirudi.

SSD naiweka ya kwanza, kwa mfano Samsung T7, au T7 Shield yenye kinga ya IP65 dhidi ya vumbi na maji. Ndani hakuna kinachozunguka, kwa hiyo misukosuko ya boti ya Pemba haiisumbui kama inavyoisumbua hadidiski, na umeme inauchukua kwenye Mac yenyewe. Mashine pepe ya GB 80 inanakiliwa kwa dakika chache, wakati hadidiski inataka kama robo saa au zaidi. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utanakili kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini au utasema kesho. Kwa ukubwa, piga hesabu ya Windows yako mara tatu, ili nakala ya zamani ibaki mpaka mpya ihakikishwe.

Ya pili ni hadidiski, kama WD Elements au Seagate Expansion. Kwa kila TB bei yake ni nafuu, na kwa kuwekwa kabatini naiamini zaidi: SSD ikikaa muda mrefu mno bila umeme, hasa kwenye joto, inaweza kupoteza data. Chukua ile ndogo ya inchi 2.5. Ile kubwa yenye adapta ya ukutani inazimika umeme unapokatika katikati ya kunakili, na waliokuwepo Unguja katika giza la Desemba 2009 hadi Machi 2010 hawahitaji kuelezwa habari za umeme. Jambo jingine: diski nyingi za dukani zimefomatiwa kwa NTFS. Mac inazisoma lakini haiandiki juu yake, na mtu huirudisha akidhani ni mbovu. Ifomati kwa Disk Utility, programu iliyomo ndani ya Mac, kabla ya kutia chochote, na uiwekee nywila kama itakaa kwa watu.

Ya tatu ni NAS, kisanduku cha diski kinachounganishwa kwenye mtandao: hiyo ni ya ofisi yenye Mac kadhaa na UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) ya kuaminika. Nyumbani iache.

Huduma ya wingu naiweka ya nne, kwa sababu ya hesabu tu. GB 80 kwa kasi ya kupandisha ya megabiti 5 kwa sekunde ni zaidi ya saa 35, bando likivumilia. Lakini folda ya data ya Tally peke yake ni ndogo. Hiyo ipandishe kila jioni: Google inatoa GB 15 bure, na diski zote zikiibiwa bado utakuwa na kitu.

Flashi usinunue kwa kazi hii. Nyingi zinakuja na FAT32, isiyopokea faili linalozidi GB 4. Na ukiona "SSD ya TB 16" kwa bei ya chakula cha mchana, ndani mna kadi ndogo ya kumbukumbu iliyofundishwa kusema uongo: inapokea kila kitu, kisha yaliyozidi uwezo wake wa kweli yanapotea.

Ndiyo maana nasisitiza uende dukani na Mac yako. Mwambie muuzaji kwa adabu, "Sheikh, naomba niijaribu hapa hapa kabla sijalipa." Muuzaji mzuri hakasiriki. Chomeka, fungua System Information, sehemu ya USB, utazame kasi. Ikisoma Mb/s 480, huenda kebo ni ya kasi ndogo, kama nyingi za kuchajia, omba nyingine. Nakili faili moja kubwa kisha lifungue kutoka kwenye diski. Ukifika nyumbani, endesha F3, programu ya bure inayojaza diski nzima na kuisoma tena. Risiti itunze mpaka F3 imalize. Mnunuzi wa Wete au Mkoani aliyeagiza kutoka mjini afanye hivyo siku ile ile diski inapofika.

Kwa mashine pepe, kunakili hakuhitaji programu ya ziada. Zima Windows kabisa, usiisitishe tu, kisha buruta faili la .pvm la Parallels au .vmwarevm la VMware Fusion hadi kwenye diski. Snapshot, yaani picha ya hali ya Windows inayohifadhiwa na Parallels au Fusion, haitoshi, kwani inakaa humo humo ndani ya faili lile. Siku ya kurejesha, ukiulizwa kama mashine imehamishwa au imenakiliwa, jibu imehamishwa, la sivyo Windows na programu nyingine zinaweza kudai leseni ithibitishwe upya. Fusion ni bure kwa wote tangu Novemba 2024, kwa hiyo mwenye mashine ya Fusion anaweza kujaribu nakala yake kwenye Mac ya mwenzake bila gharama.

Mwenye Boot Camp ndiye anayestahili kulipia programu: Winclone ya Twocanoes. Kwanza hakikisha toleo lake linakubali macOS uliyonayo, na uzime Fast Startup (uwashaji wa haraka unaofanya Windows isizimike kabisa) ndani ya Windows.

Na kama Mac yako ni ya Intel (yenye prosesa ya Intel), fahamu hili kabla hujalipa chochote: Mac za M1, zenye prosesa ya Apple yenyewe, na zilizofuata hazina Boot Camp, na Windows ya Intel haiendi juu yake kwa namna ya kufaa kazi. Nakala ya Windows nzima itakufaa kwenye Mac nyingine ya Intel tu. Kwenye Mac mpya kitakachokuokoa ni ile folda ya data uliyoitenga.