Mlango wa kioo bafuni, Lamu: kioo hakina neno, tazama ukuta na skrubu

Wengi wameniuliza kuhusu mlango wa kioo niliouweka kwenye bafu la chumba cha juu, nyumba yetu ya Mkomani, hasa wenye nyumba za mawe wanaopangisha wageni. Umeshapitiwa na kusi, umeshapitiwa na kaskazi, umeshavutwa na kusukumwa na wageni wa kila namna, kwa hiyo sasa naweza kusema. Kioo chenyewe sina lawama nacho. Yaliyonisumbua yote yametoka kwenye vitu vidogo vinavyokishika kioo, na kwenye ukuta wa wazee wetu ambao sidhani kama uliwahi kusimama wima.

Nilichonunua ni vioo viwili: kimoja kimesimama tuli, sentimita 80 kwa 190, na mlango wa sentimita 70 kwa 190 wenye bawaba mbili. Vyote unene wake ni milimita 8. Duka liko Mombasa, nami silitaji jina maana nina maneno nalo huko mbele. Kabla ya hapo tulikuwa na pazia la plastiki. Anayejua unyevu wa Lamu analijua pazia lile: chini linaota ukungu mweusi, na ukifungua maji tu linakuja kukuganda miguuni. Wageni walikuwa wakilalamika kwa adabu, na hilo ni baya kuliko kulalamika kwa kelele.

Kioo cha bafu lazima kiwe kile kilichopikwa. Hutiwa tanurini mpaka kipite nyuzi 600 za Selsiasi, kisha hupulizwa upepo ghafla. Uso wa nje hupoa mwanzo, moyo wake hupoa baadaye, na kule kuvutana ndiko kunakokipa nguvu. Kikivunjika hakitoi mapande ya kuchinja mtu, humwagika chembe chembe. Lakini kikishapikwa, basi. Hakikatwi, hakitobolewi, hakipunguzwi hata milimita moja. Matundu ya bawaba na ya kishikio hutobolewa kabla ya tanuri, kwa hiyo kipimo utakachokituma Mombasa ndicho utakachoishi nacho. Na kikifika, tazama pembeni utaona muhuri mdogo uliochorwa ndani ya kioo. Changu kimeandikwa EN 12150, ambacho ni kiwango cha Ulaya cha kioo cha aina hiyo. Kisicho na muhuri kirudi kilikotoka.

Dukani walitaka kuchora wenyewe kwa picha nilizowatumia kwa simu. Nikamwita mwanzo fundi wangu, mzee wa Langoni ambaye nusu ya nyumba za mtaa wetu zimepita mikononi mwake. Alipima upana mara tatu, chini, katikati na juu, na kila mahali akapata namba yake. Kisha akatoa timazi, akaining'iniza kwenye ukuta wa zamani. Juu uzi uligusa taili. Chini ulikuwa umeachana na taili kwa karibu milimita 18.

"Ami, si tutaziba kwa silikoni?" nikamuuliza.

"Mwanangu, silikoni itaziba maji. Mlango je? Ukiutundika hapa utajifungua wenyewe usiku kucha. Bawaba zitie ukuta ule."

Ukuta ule ni wa matofali ya simenti, tulioujenga wenyewe kugawa chumba, nao umesimama sawa. Maneno yake yalikuwa na maana. Bawaba mbili lazima zikae kwenye mstari mmoja wa wima. Mstari ukilala, uzito wa mlango unautafutia mlango pahala pa kupumzika, na si pale unapotaka wewe. Kioo kilichosimama tuli, kwa upande wake, huingia kwenye mfereji wa alumini unaopigiliwa ukutani, na mfereji wangu unameza upotofu hadi milimita 20. Kwa hiyo ukuta uliopinda tukaupa kioo kisichofunguka. Dukani walibisha, ati wao wamezoea bawaba zikae mbali na bomba. Nikawaambia wachore nilivyosema. Hili peke yake limenipunguzia matatizo kuliko kitu kingine chochote, na halikuongeza hata shilingi moja.

Pesa ilikwenda kwenye usafiri. Vioo vilipanda lori Mombasa, vikapita Malindi, Garsen na Witu mpaka Mokowe, na kutoka hapo ni boti. Kioo husafiri kimesimama, hakilazwi, maana kikilazwa kila shimo la barabara linakipiga tumboni. Udhaifu wake hasa uko kwenye kingo. Usoni utakigonga na kitavumilia, lakini pembe ikigusa jiwe vibaya kinaweza kumwagika chote pale pale, au kikanyamaza kwanza kisha kikamwagika siku nyingine bila mtu kukigusa. Nilitaka kila pembe ivishwe boksi na kila ukingo ukae juu ya mbao, na nikawaomba wanitumie picha kabla turubai halijafungwa.

Mpigie nahodha umuulize maji. Yakiwa yamekupwa, boti hukaa chini mno ya gati na utapandisha vioo kwa ngazi zenye utelezi. Yakijaa, boti inakaribia kulingana na gati, na watu wawili wanapokea wamesimama imara. Nilingoja maji yajae. Kutoka ufukoni hadi nyumbani punda hafai, kwa sababu punda hubeba mzigo wa pande mbili na kioo hakigawiki. Kioo cha milimita 8 kina kilo 20 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo mlango wangu ni kilo 27 kasoro kidogo, na kile kingine kilo 30 na kitu. Mahamali wawili walivibeba kimoja kimoja kwa mikanda, na mbele yao akaenda mtoto wa jirani akipiga kelele "Kioo! Kioo!" ili wenye punda wasimame kwenye baraza na kupisha. Pale Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, panapobana, watu walijibana ukutani kama maiti inapita.

Kufunga chenyewe hakukuwa na makuu upande wa simenti. Upande wa zamani ndiko kuliko na elimu. Ukuta ule ni matumbawe na chokaa. Ukiutoboa kwa drili ya kugonga, taili inapasuka, na nyuma yake chokaa inaporomoka. Tundu la kidole linakuwa pango, na plagi ya plastiki inazunguka mle ndani bila kushika kitu. Ami alizima kule kugonga kwa drili, akatumia biti ya taili pole pole huku akilowesha kwa maji, na alipofika kwenye jiwe akaendelea kwa kuzungusha tu. Kisha akapuliza vumbi lote litoke, akatia ala ya wavu ndani ya tundu, akapiga ile dawa ya kushikia boliti inayotoka kwenye bunduki kama ya silikoni. Dawa inapenya kwenye vijitundu vya matumbawe na kuganda humo. Jirani mmoja alishauri tuchimbe mfereji tumimine zege. Ukuta wa chokaa unapumua. Ukiufunga kwa simenti, unyevu utatafuta pa kutokea, na mara nyingi ni chumbani kwako. Tulikataa.

Silikoni iliyokuja ndani ya boksi ni ile inayonuka siki. Usiitumie. Ile siki inakula chuma na haipatani na chokaa wala jiwe. Kuna nyingine isiyonuka, bei yake iko juu kidogo, hiyo ndiyo ya bafuni kwa nyumba zetu. Na ipakwe nje tu. Watu wanapenda kupaka ndani na nje wakidhani ndio usalama, lakini maji yanayoingia kwenye mfereji wa alumini lazima yapate njia ya kurudi ndani. Ukiyazibia njia yatakaa humo yaoze, kisha yatatokea nje. Baada ya kupaka, bafu lilipumzika siku nzima bila maji.

Sasa yaliyoharibika.

Kwanza maji yalianza kupita chini ya mlango. Mgeni mmoja aliniambia mkeka umelowa. Kutafuta pahala maji yanapovuja kwa kufungua shawa ni kupoteza wakati, kwa sababu yanarukia kila upande. Nilikausha sakafu ya nje kabisa, nikatandaza karatasi za gazeti, kisha nikapanda na ndoo na kata ya mama. Bafu la chini bado lina birika lake la zamani, na visamaki vyake vya kula viluwiluwi vya mbu, na bakuli lililojengewa chini ili samaki wasife maji yakipungua. Mama hataki kusikia habari ya kioo. Basi nikamwaga kata moja moja: kwanza pembeni kwa mfereji wa alumini, pakavu, kisha kwenye kiungo cha vioo viwili, pakavu, kisha chini ya bawaba, na gazeti likalowa hapo hapo. Ule mpira mwembamba wa chini ya mlango ulikuwa umekatwa mfupi upande wa bawaba, na zaidi ya hapo ulivishwa kinyume, ulimi wake ukitazama nje. Ulimi hutazama ndani, ili maji yanayotiririka kwenye kioo yarudishwe yalikotoka. Tulivisha mpira mwingine, tatizo likaisha. Ila jueni mpira huu ni kitu cha kubadilisha: kwa joto letu unageuka manjano, unakakamaa, na ulimi unakatika. Agiza wa akiba pamoja na mlango, kwa sababu Lamu mjini sikuupata.

Kisha mlango ukaanza kugusana na kioo cha pili kwa juu, ukilia kila ukifungwa. Ulikuwa umeshuka kidogo. Hili usiogope. Weka vipande vya mbao chini ya mlango uubebe uzito, legeza skrubu za bawaba zinazokibana kioo, ongeza kabari taratibu mpaka nafasi ya juu na ya chini zilingane, milimita 3 au 4 zinatosha, kisha kaza kwa zamu, moja kidogo, nyingine kidogo. Hakikisha kile kipande cha mpira baina ya bawaba na kioo hakijahama, maana chuma kikikutana na kioo uso kwa uso, unatafuta ajali. Mtu mmoja ashike mlango wakati wote. Kazi hii hata mimi naifanya na ndugu yangu bila kumwita fundi.

Lililonikera kweli ni kutu. Duka liliniuzia bawaba kwa jina la stenlisi, yaani chuma kisichoshika kutu kirahisi, na bawaba zenyewe ni kweli zimevumilia. Skrubu zilizokuja nazo hazikuwa stenlisi. Zilikuwa chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ya kung'aa, na upepo wa bahari ulizimaliza mapema. Michirizi ya kahawia ikashuka kwenye taili nyeupe. Nilipowapigia wakaniambia ni chumvi ya Lamu. Kana kwamba Mombasa haiko baharini! Hawakurudisha hata senti, na hapo ndipo nyota zao mbili nilipoziondoa.

Dawa niliipata kwa fundi wa boti za faiba. Watu wa boti wanajua chuma kuliko wauza vioo. Alinionyesha kichwa cha boliti: ikiwa na alama ya A4, ni stenlisi ya 316, ambayo ndani yake ina molibdeni, nayo ndiyo inayostahimili chumvi. A2 ni ile ya 304, nzuri kwa Nairobi, hapa kwetu inaota madoa ya rangi ya chai. Kuna wanaopima kwa sumaku. Sumaku isiposhika wanafurahi, lakini sumaku haishiki shaba nyeupe wala ile aloi nyepesi ya zinki ambayo hupakwa kromu na kuuzwa kwa jina lolote. Bawaba ya zinki utaitambua kwa wepesi wake mkononi, na baada ya muda kromu inavimba malengelenge. Ulizia 316 kwa namba, na uandikiwe kwenye risiti.

Kuhusu usafi sina mengi. Maji ya kisima yenye chumvi yanaacha utando mweupe kwenye kioo. Maji yanayotoka kwenye visima vya machanga ya Shela yana afadhali kubwa. Mpira wa kufutia vioo unaning'inia bafuni na wageni wengine huutumia. Kwa madoa yaliyokaa, siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, au ndimu, kisha suuza upesi. Isiguse chokaa wala kukaa kwenye kromu.

Kwa chumba kile sijutii. Bafu limekuwa na mwanga, sakafu ya nje ni kavu, ukungu umekwisha. Kioo nakipa nyota tano, duka tatu, ami wa Langoni sina nyota za kumtosha. Ila chumba cha pili nimeshaamua: naweka kioo kimoja tu kisichofunguka, cha milimita 10 na upana wa mita moja, bila mlango, bila bawaba, sakafu ikiwa imeinamishwa vizuri kuelekea kwenye shimo la maji. Ami ameshapita na timazi yake. Ukuta wa huko umepinda zaidi.