Leseni za SQL Server 2022 Standard: hesabu kore kabla hujalipa

Jamani niwaambie yaliyotupata na hizi leseni za SQL Server, programu ya databesi ya Microsoft, maana nusura ofisi yetu ilipe hela ya kutisha.

Seva tulikuwa tumeshanunua, prosesa mbili, kila moja kore 16 (kore ni vile vitengo vya ndani ya prosesa vinavyofanya kazi), mashine inakimbia kwelikweli. Muuzaji wa leseni akaleta profoma ya pakiti 32. Leseni zinauzwa kore mbilimbili kwa pakiti, bei ya orodha dola 3,945, sasa piga hesabu hapo, dola 126,240! Mhasibu alinipigia simu hata salamu hakumaliza.

Nikafungua Task Manager palepale, nikaona soketi 2, kore 32, na chini yake imeandikwa 64. Nikajua kosa liko wapi, muuzaji kachukua ile 64. Kila kore inajionyesha kama mbili, lakini kwenye mashine halisi unalipia kore zenyewe tu, kwa hiyo ni pakiti 16, dola 63,120.

Hata hiyo iliniuma, kwa sababu Standard mwisho wake inatumia kore 24, ila leseni unalipia kore zote zilizomo kwenye boksi, yaani kore 8 zimekaa bure na umezilipia dola 15,780.

Nikafikiria njia ya CAL, yaani unalipia seva na kila mtu anayeitumia badala ya kore, seva dola 989 na kila mtumiaji dola 230, sisi tuko 40 ingekuja dola 10,189 tu, lakini wateja wetu nao wanaangalia oda zao kwa simu na wote wanafika kwenye databesi ileile, na kuweka programu hapo katikati hakupunguzi idadi ya watu wa kulipia. Ikaishia hapo.

Tukaamua kuchomoa prosesa moja. Jumamosi usiku tukazima, tukafungua boksi, RAM za upande ule tukazihamishia huku, tukawasha tukiwa roho juu. Ikawaka. Kore 16, pakiti 8, dola 31,560. Na ripoti ya mwisho wa mwezi inatoka kwa muda uleule wa zamani, sijaona tofauti kabisa.

Databesi yenyewe naipenda, haijatuangusha hata siku moja. Seva ya tawi jipya mahitaji nimeyaandika mwenyewe kabla ya mtu yeyote kuomba bei: prosesa moja, kore 8 zenye kasi kubwa, pakiti 4 basi.