Kanto 1923 na Tohoku 2011: matetemeko mawili ya Japani
Kwa nguvu, Tohoku (Machi 11, 2011, kipimo 9.0) lilitoa nishati inayozidi mara 40 ile ya Kanto (Septemba 1, 1923, takriban 7.9), ilhali Kanto ndilo lililoua zaidi: watu wapatao 105,000. Lilipiga saa 6 kasoro dakika 2 mchana, saa mbaya kuliko zote, majiko yakiwa yanawaka kwa chakula cha mchana, na nyumba za mbao za Tokyo na Yokohama zikateketea kwa moto uliochochewa na upepo mkali. Mwaka 2011 majengo mengi yalistahimili mtikisiko wenyewe; ni tsunami iliyovuka kuta za pwani, ikazamisha maelfu na kulemaza mitambo ya kupozea vinu vya nyuklia vya Fukushima Daiichi.