Viti vya gari kwa pacha wachanga: cha kununua kwanza na cha kutogusa

Doto alitoka hospitali akiwa na kilo 1.9. Kulwa, aliyemtangulia kwa dakika chache, alikuwa na kilo 2.4. Viti viwili tulivyokuwa tumenunua mwezi mmoja kabla vilikuwa na maandishi makubwa ya "tangu kuzaliwa", na kweli Kulwa alikaa vizuri. Doto alizama. Mikanda ya mabega ilitokea usawa wa masikio yake, kidevu kikaangukia kifuani, na muuguzi aliyetusindikiza hadi kwenye gari akakataa katakata tusiondoke naye hivyo. Tukarudi wodini. Baba yao akaenda Kariakoo kutafuta kiti kingine, nasi tukafika nyumbani usiku.

Tangu siku ile, mjamzito wa pacha akiniuliza anunue kiti gani, jibu langu linaanza na yule mdogo. Pacha wengi huzaliwa kabla ya wiki ya 37, na mara nyingi mmoja huwa mdogo kuliko mwenzake. Kiti kinachomshika mdogo kitamfaa na mkubwa, ila kinachomfaa mkubwa huenda kikamwacha mdogo anaelea. Kwa hiyo jambo la kwanza kusoma kwenye kiti ni uzito wa chini kabisa kinaoruhusu. Rangi na jina la kampuni vitasubiri. Viti vya Ulaya vya kizazi kipya hupimwa kwa urefu wa mtoto, vingi vikianzia sentimita 40. Vya Marekani hutaja pauni, na vile vinavyoanzia pauni 4, yaani kilo 1.8, ndivyo unavyovitaka. Chicco KeyFit 30 na Graco SnugRide SnugLock 35 ni mifano miwili ya hivyo.

Kuna watakaokuambia mbona sisi tulibebwa mapajani na tukakua. Nimeambiwa hivyo na watu ninaowaheshimu sana. Lakini kichwa cha mtoto mchanga ni kama robo ya urefu wake wote, na shingo inayokibeba bado ni laini. Gari likigonga kitu, mikono ya mama haiwezi kumzuia mtoto hata mama awe na nguvu kiasi gani. Kiti kinachotazama nyuma hupokea mgongo, shingo na kichwa kwa pamoja. Shirika la Afya Duniani linasema viti vya watoto hupunguza vifo vya wachanga kwenye ajali kwa takribani asilimia 70. Kwangu hilo lilimaliza mjadala.

Kabla ya duka, nenda kwenye gari lako

Gari letu ni Toyota IST ya toleo la kwanza. Upana wake wa nje ni sentimita 169.5, na si kwa bahati: Japani, gari likizidi sentimita 170 huhamia daraja la magari makubwa, kwa hiyo magari madogo mengi tunayoagiza kutoka huko yamebanwa chini ya kipimo hicho. Ukitoa unene wa milango, kiti cha nyuma kinabaki finyu. Viti viwili vya watoto vitaingia. Swali ni kama mtu mzima ataingia katikati, na kwa pacha njiti unamhitaji mtu huyo, wa kuangalia kama kidevu kimeangukia kifuani. Pima upana wa kiti cha nyuma kwa futi, toa upana wa viti viwili unavyovitaka, uone kinachobaki. Nasi tulipopima ndipo tulipojua kwamba tofauti ya sentimita tatu kwa kila kiti ndiyo inayoamua kama bibi atapata pa kukaa.

Kisha pitisha vidole kwenye mwanya kati ya kiegemeo na kikalio. Ukigusa vijiti viwili vya chuma vilivyoachana sentimita 28, gari lako lina Isofix, yaani vishikizi vya kufungia kiti cha mtoto bila mkanda wa gari. Magari mengi ya zamani ya Kijapani hayana, na hilo si balaa, kwa sababu mkanda wa gari ukifungwa sawasawa unafanya kazi nzuri. Ila hakikisha mkanda ni ule unaopita kiunoni na begani. Ule wa kiunoni tu, unaokutana nao katikati ya kiti cha nyuma kwenye magari ya zamani, haufungi viti vingi vya wachanga. Uvute pia hadi mwisho uone urefu wake. Kuna magari ambayo mkanda hauzunguki kiti kizima ukafika kwenye kifungio, na muuza duka hatakuambia. Nenda dukani na gari, ombeni kukijaribu kabla ya kulipa. Duka linalokataa, achaneni nalo.

Sasa ninavyovipanga.

1. Viti viwili vya kubeba mkononi, vya kufungwa kwa mkanda wa gari

Hivi ndivyo vyenye mpini, vinavyotazama nyuma tu, na kwa kawaida humfikisha mtoto kilo 13. Kwa familia nyingi za kwetu naviweka mbele ya vyote, wala sisiti. Ni vyembamba na vyepesi, na havihitaji Isofix. Leo viko kwenye IST yako, kesho kwenye gari la shemeji, keshokutwa kwenye teksi ya kukupeleka kliniki. Bajaji haina pa kuvifunga, kwa hiyo siku ya kliniki panga gari. Mtoto akilala unamtoa na kiti chake bila kumwamsha, na mwenye pacha anajua thamani ya mmoja kubaki amelala. Joie i-Snug na Maxi-Cosi CabrioFix ni za aina hii kwa upande wa Ulaya, na zile mbili za Marekani nilizotaja hapo juu pia zinafungika bila kitako, yaani kile kipande cha chini kinachobaki kwenye gari.

Angalia mambo matatu. Kwanza, mto wa mtoto mchanga uliokuja na kiti uwepo, kwa sababu ndio unaomshika Doto wa nyumba yako. Pili, mikanda ya mabega itokee usawa wa mabega ya mtoto au chini kidogo, isitokee juu yake. Tatu, angalia mkanda unapita wapi: kwenye viti vya Ulaya njia yake imewekwa alama ya bluu, na ule wa begani huzunguka nyuma ya kiti. Ukishafunga, shika kiti pale mkanda unapopita na ukitikise. Kikisogea zaidi ya sentimita mbili na nusu, fungua uanze upya.

2. Viti hivyohivyo, pamoja na vitako vya Isofix

Kitako hubaki kwenye gari, kiti kinaingia juu yake kwa mlio mmoja na alama ya kijani. Kwa mzazi aliyechoka, ambaye usiku kucha amelala kwa saa mbili tu, hapo makosa mengi ya kufunga yanakwisha. Ningekiweka nafasi ya kwanza isipokuwa kwa hesabu: kitako kinaweza kukaribia bei ya kiti chenyewe, na kwa pacha unazidisha mara mbili. Vilevile vitako vingi vina mguu unaosimama sakafuni, hivyo angalia kwenye kitabu cha kiti kama gari lako limo kwenye orodha. Kama una gari jipya lenye Isofix pande zote mbili na mfuko unaruhusu, chukua bila kusita. Kama hela inatosha viti vizuri viwili tu, usipunguze ubora wa kiti ili upate kitako.

3. Viti vya muda mrefu, tangu kuzaliwa hadi kilo 18 au zaidi

Hoja yake inaeleweka: unanunua mara moja, na ukizidisha kwa watoto wawili unaokoa fedha za maana. Naipenda hoja hiyo, lakini si kwa wiki za kwanza. Viti hivi ni vipana na vizito, havitoki kwenye gari, na vikilazwa kwa ajili ya mchanga vinasukuma viti vya mbele mpaka dereva mrefu anakosa pa kuweka magoti. Vingi pia havimshiki vizuri mtoto wa kilo mbili, hata maandishi yakisema vinamfaa. Nawashauri wanaovitaka waombe kuazima viti vya kubeba kwa ndugu wanayemwamini, anayejua historia ya viti hivyo, kisha wanunue hivi pacha wakishafika kilo nne au tano.

4. Kiti chenye magurudumu

Doona ndiyo inayojulikana zaidi. Magurudumu yanachomoza chini, kiti kinakuwa kigari. Kwa mama wa mtoto mmoja anayeshuka teksi na kuingia kliniki ni msaada mkubwa. Kwa pacha kina uzito wa takribani kilo saba kila kimoja kabla ya kuweka mtoto, na huwezi kusukuma viwili peke yako kwenye njia zetu za vumbi. Kinahitaji watu wazima wawili kila safari.

5. Kitanda cha gari

Kwenye magari na mitumba ya Japani utakutana na viti vinavyolala kama kitanda, vikiwekwa kwa upana wa gari. Aprica Fladea ni mojawapo. Vina kazi yao: mtoto ambaye akikaa pumzi inasumbua, daktari akaagiza asafiri amelala. Ila kimoja kikiwa kimelala kinakula sehemu kubwa ya kiti cha nyuma, na pacha wa pili anakosa nafasi. Nunua kwa agizo la daktari, na siku hiyo panga magari mawili.

Usinunue kabisa kiti cha kutazama mbele kwa mchanga, hata muuzaji akisema "atakuja kukikuta". Usifunge kibebeo cha kigari kwenye gari kama si kiti cha gari, maana vingine vinafanana sana. Na pacha wawili hawakai kwenye kiti kimoja hata wakiwa wadogo vipi.

Mitumba

Sitawaambia msinunue mitumba, nusu ya nyumba yangu ni mitumba. Kwa kiti cha gari, hata hivyo, kasoro kubwa haionekani kwa macho: kiti kilichopata ajali kinaweza kuonekana kipya. Nunua kwa mtu anayejulikana tu. Kigeuze uangalie tarehe iliyochapwa chini yake, kwani watengenezaji wengi huweka ukomo wa miaka 6 hadi 10, na jua letu haliihurumii plastiki. Tafuta lebo ya rangi ya chungwa yenye herufi E ndani ya duara. Karibu nayo utakuta R129, ambacho ni kiwango kipya, au R44, kiwango cha zamani, yenye namba ya idhini inayoanza na 04. Tangu Septemba 2024 viti vya R44 haviruhusiwi tena kuuzwa vipya katika Umoja wa Ulaya, na huenda ndiyo maana vinaonekana vingi huku kwa bei ya chini. Bado ni viti halali vya kumlinda mtoto kama ni vizima. Cha Marekani hakina E. Kitaandika kwa Kiingereza kwamba kimetimiza viwango vya serikali ya Marekani vya usalama wa magari. Kisicho na lebo yoyote, kiacheni hapohapo sokoni.

Mkishanunua

Pelekeni viti wodini kabla ya siku ya kuruhusiwa, mjaribu na watoto wenyewe. Marekani hospitali nyingi humkalisha njiti kwenye kiti chake kwa dakika 90 hadi 120, zikifuatilia mapigo na hewa kabla ya kumruhusu. Kwetu muombe daktari au muuguzi amtazame angalau kwa muda wa safari yenu. Uingereza wazazi wa njiti na wachanga hushauriwa wasizidishe dakika 30 kwa mkupuo. Kutoka mjini hadi Mbagala au Tegeta, foleni ikikaza, dakika 30 zinaishia njiani, kwa hiyo sisi tulikuwa tunasimama kituo cha mafuta, tunawatoa, tunawanyoosha, tunaendelea.

Khanga inakuja baada ya mkanda. Mfunge mtoto akiwa na nguo nyepesi, kaza mikanda, jaribu kuifinya begani. Ukipata mkunjo wa kushika, bado imelegea. Halafu ndiyo umfunike. Ukimviringisha kwanza kwenye khanga au blanketi, mkanda unashika kitambaa. Mto wa nyumbani usiuweke chini yake; kama kichwa kinaangukia pembeni, viringisha vitambaa viwili vidogo uviweke kushoto na kulia. Gari likipaki juani, khanga hiyohiyo ifunike kiti kitupu, maana chuma cha kifungio huchoma.

Viti vyote viwili vikae nyuma. Kiti kinachotazama nyuma hakikai mbele penye mfuko wa hewa unaofanya kazi, kwa sababu ukifumuka unapiga mgongo wa kiti pale kilipo kichwa cha mtoto. Baba wa watoto alitaka mmoja akae mbele karibu yake. Tulibishana jioni nzima, akakubali.

Na msiwahamishe siku moja kwa kuwa wamezaliwa siku moja. Miguu kugusa kiegemeo si sababu ya kuhama; sababu ni kilo kufika ukomo au kichwa kufika karibu na ukingo wa juu wa kiti. Kulwa alikimaliza chake akiwa na mwaka na mwezi mmoja, akahamia kiti kikubwa kinachotazama nyuma vilevile. Doto alibaki kwenye kile kilichonunuliwa Kariakoo jioni ile kwa miezi minne zaidi.