Picha za Turner Edinburgh: kuingia ni bure, ila Januari tu

Kama una safari ya Uskoti mwezi wa kwanza, pita jumba la taifa la sanaa pale The Mound, Edinburgh. Ukishuka treni Waverley unafika kwa miguu. Kiingilio hakuna, na si ofa ya msimu, ni wosia. Henry Vaughan, tajiri wa London aliyefariki 1899, aliacha picha 38 za rangi za maji za mchoraji Mwingereza J.M.W. Turner kwa sharti kwamba zionyeshwe bure, na Januari peke yake, jua la huku likiwa hafifu kabisa. Rangi za maji hupauka zikipigwa na mwanga mwingi. Sharti lake limeshikwa zaidi ya karne, na bluu bado ni bluu.

Zile za ujanani mwa Turner nilizipita haraka. Ni kazi safi, lakini ni za kijana anayeonyesha kwamba anajua kuchora. Aliponishika ni kwenye Loch Coruisk, ziwa la kisiwa cha Skye alikokwenda 1831. Picha yenyewe ni ndogo kama kadi ya posta, lakini milima imejisokota humo utadhani inachemka. Sogea karibu, utaona watu wawili wadogo mno chini kule. Hapo ndipo ukubwa wa mlima unapokuingia.

Watu wengi walijazana kwenye picha za Venice, mji wa Italia, hasa ile ya radi juu ya uwanja wa Piazzetta. Siwalaumu. Ule mwanga wa radi hakuupaka: alikwangua rangi mpaka weupe wa karatasi ukatokeza, na mikwaruzo unaiona kwa macho yako. Kwenye picha za vitabuni mikwaruzo hiyo haionekani vizuri. Hata hivyo, mimi nabaki na Skye.

Mwaka 2025, Turner akitimiza miaka 250 tangu azaliwe, Edinburgh ilibadilishana picha zake na za jumba la taifa la sanaa la Dublin, Ayalandi, ambako nako Vaughan aliacha picha 31 za Turner. Huyu mzee alikuwa na mkono mwepesi wa kutoa jamani!

Nyota tano, bila kusita. Nenda asubuhi siku ya kazi upate nafasi ya kusimama mbele ya picha moja bila kusukumwa, na kama unatumia miwani ya kusomea usiiache nyumbani, maana taa zimepunguzwa makusudi. Februari ikiingia zinarudi stoo, usije ukanilaumu.